Bei ya karafuu ikipanda, siasa za Pemba hupoa? Tujadili kwa hoja

1. MchumajiWaDaya

Assalam aleikum wanajukwaa.

Nina suala limeniganda tangu mavuno yaanze. Juzi nilikuwa na wachumaji kumi na wawili shambani. Saa saba mchana tukakaa chini ya mkarafuu tukila muhogo wa kuchemsha na ng'onda. Katika wale kumi na wawili najua nani wa chama gani, na wao wenyewe wanajuana. Hakuna aliyetia siasa mdomoni. Mazungumzo yote pishi: nani keshafikisha saba, nani kavunja tawi, nani katia majani ndani ya pakacha ili lijae upesi.

Nikakumbuka msimu wa mwisho kabla ya mauaji ya Januari 2001, shamba lilo hilo. Wachumaji wangu walikuwa hawakai jamvi moja. Mmoja alikataa kata ya maji kwa sababu ya mkono uliomtekea. Na wakati ule karafuu haikuwa na bei, nyengine niliziacha zikachanua mtini maana ujira wa kuchuma ulizidi pesa ya kuuza.

Basi nauliza: si kweli kwamba mtu akiwa na cha kupoteza, siasa kali inamshuka yenyewe? Na mataifa si hivyo hivyo? Ufaransa na Ujerumani zimepigana wee, leo zinauziana magari na zinatumia sarafu moja. Mie naona uchumi ndio chakula chenyewe, hizi suluhu za mezani ni chachandu.

Tupeane hoja, tusitukanane.

2. Mkwezi

Wa kwanza mie. Mchumaji, ng'onda ya Daya ina chumvi kuliko bahari yenyewe, ndo maana walinyamaza, midomo ilikauka. Nakaa hapa nasubiri wenye elimu.

3. MwalimuHistoria

Waalaykum salaam. Suala la maana sana, na mie niko upande wako kwa kiasi kikubwa.

Tazama mfuatano. Mteja wetu mkubwa wa karafuu alikuwa Indonesia, wanazitia kwenye sigara zao za kretek. Wakapanda mikarafuu yao, wakajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ya dunia ikaporomoka. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, kwa hivyo Pemba ndiyo iliyoumia. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 vilikuta watu wameshakaa na njaa miaka. Uchaguzi wa 1995 ukatoka 50.2 kwa 49.8, wafadhili wakazuia misaada, njaa ikaongezeka juu ya njaa. Siasa kali haikuota jangwani.

Na huko Ulaya ni hivyo hivyo. Mwaka 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura. Ukaja mdodoro wa 1929, wasio na kazi wakafika kama milioni sita, na Julai 1932 chama kile kile kikapata asilimia 37.3. Hotuba za mtu yule hazikubadilika sana katika miaka minne. Kilichobadilika ni matumbo ya wasikilizaji.

4. Tumbe_Dagaa

Umenena Mwalimu. Na ushahidi wa karibu ni 2010. Karafuu ikapanda bei, watu wakalainika, wakapiga kura ya ndio, tukapata Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule sie huku Tumbe tulipiga kura mchana, jioni tukarudi pwani kuvua dagaa kama kawaida.

5. Fundi_Majahazi

Tumbe, yakhe, umepindua jahazi. Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, walikutana Novemba 2009. Kura ya maoni ikawa tarehe 31 Julai 2010, walioitika ndio asilimia 66.4. Uchaguzi Oktoba 2010. Bei ya karafuu iliruka msimu wa 2011, Dk. Shein keshaingia urais. Kwa hivyo masikilizano yalitangulia na bei ikafuata. Ukitaka kusema moja limezaa jengine, basi useme suluhu ndiyo iliyozaa bei.

Nazijua tarehe hizo kwa sababu zilinibadilishia kazi. Nilikuwa navusha karafuu za magendo usiku kwenda Shimoni, Kenya. Unatoka giza, tanga limepakwa gome la mkoko lisionekane, magunia yamelala chini na juu yake nazi. Harufu ndiyo iliyokuwa ikitutoa roho, karafuu haifichiki, upepo ukigeuka askari wa doria anakunusa kabla hajakuona. Bei ya hapa ilipopanda, ile kazi ilikufa ndani ya msimu mmoja. Hakuna mtu anayetaka kuhatarisha chombo kwa faida ya shilingi mbili.

Hapo nampa Mchumaji haki yake nusu. Mimi nilikuwa na chuki na kila mwenye sare. Leo sina. Lakini sikuwa mimi niliyeanza.

6. Tumbe_Dagaa

Shukran kwa marekebisho Fundi. Nilichanganya misimu. Ila hiyo ya gome la mkoko umeimwaga hadharani.

7. Fundi_Majahazi

Tanga lenyewe lilishaoza.

8. BibiWaJamvi

Anaandika mjukuu wake, maneno ni ya bibi.

Wanangu, nimesomewa mliyoandika. Mnazungumza kama kwamba ugomvi ni mtoto wa njaa. Mimi nimezikuta zama za siasa, nilikuwa kigori. Hatukuwa na njaa. Shamba lilikuwa shamba, samaki samaki, nazi zilikuwa zinaoza chini. Juu ya hivyo mtaa wetu kisima kilikuwa kimoja na ndoo zikawa mbili. Ya wale wa chama cha Hizbu na ya wale wa chama cha Afro. Mamangu alikuwa akinituma nikateke alfajiri ili nisikutane na watoto wa shoga yake, ambao mwaka uliopita walikuwa wanalala kwetu. Shoga yake alipofiwa na mume, mamangu alikaa dirishani akasikiliza kilio mpaka jeneza likatoka. Hakwenda. Alikuja kulia peke yake usiku.

Juni 1961 Unguja watu 68 wakafa katika siku za uchaguzi. Mtu alikuwa hauawi kwa sababu ya pishi ya mchele. Aliuawa kwa sababu ya jina aliloitwa.

9. Mkwezi

Shikamoo bibi. Nimesoma mara mbili, sina la kutania hapo.

10. Duka_la_Darajani

Shikamoo bibi, Mungu akuweke.

Mie naona wote mnagombania neno utajiri wakati jambo lenyewe ni kufungamana. Nina duka la vitambaa Darajani. Mzigo naupokea kwa mkopo kutoka kwa mtu ambaye siku ya kampeni tunapishana njia. Yeye ana pesa yangu, mie nina kitambaa chake, na wateja wa Chake na Wete tunawagawana. Mwaka wa uchaguzi tunanuniana wiki mbili, ya tatu lazima mmoja apige simu kwa sababu kontena limefika. Hatupendani zaidi ya wengine. Hatuwezi tu kuachana.

Ulaya walifanya hivyo kwa makusudi. Tarehe 9 Mei 1950 Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alitoa wazo la kuweka makaa ya mawe na chuma cha Ufaransa na Ujerumani chini ya mamlaka moja. Kwa nini makaa na chuma, na si siagi? Kwa sababu ndivyo vinavyotengeneza mizinga. Mwaka 1951 nchi sita zikatia saini: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Na angalia, hawakungoja mpaka wote watajirike. Miji ilikuwa bado vifusi. Pesa za Marshall kutoka Marekani, kiasi cha dola bilioni 13 tangu 1948, ziliwasaidia kusimama, lakini kilichowafunga ni ile pingu ya biashara.

11. ZnzHamburg

Niko Ujerumani mwaka wa kumi na nne sasa, naomba niongeze maji kwenye maziwa ya Darajani.

Kwanza, Uingereza na Ujerumani kabla ya 1914 zilikuwa zinafanya biashara kubwa wao kwa wao, na zote tajiri. Wapo wasomi walioamini kwamba vita haiwezi tena kuja kwa sababu itamtia hasara kila mtu. Hasara ilikuja na vita ikaja.

Pili, hili nimeliona kwa macho. Hapa walikuwa na msemo kwamba biashara italeta mabadiliko, wakanunua gesi ya Urusi kwa bomba lililopita chini ya bahari ya Baltiki tangu 2011. Fikra ilikuwa ni hiyo hiyo yako, tukifungamana hatutapigana. Februari 2022 Urusi ikaingia Ukraine. Msimu ule wa baridi mwenye nyumba wetu alituletea barua ya gharama za kupasha moto, nikaisoma jikoni nimevaa koti na soksi mbili. Pingu ilimfunga mnunuzi peke yake. Mwenye bomba alikuwa anaweza kuifungua akitaka.

12. Paje_Mwani

Hodi hodi. Naona wanaume wanazungumzia Ulaya, mie nataka kuzungumzia pwani yangu.

Mwani tumeanza kuulima kibiashara hapa Paje na Jambiani mwaka 1989. Ndio uliosomesha wanangu. Sasa mtaniambia Zanzibar imeneemeka, mwaka 2024 watalii walipita laki saba, umasikini umeshuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi 25.7 mwaka 2019/20. Sawa, sikatai hesabu. Lakini njia niliyokuwa nikipita na vijiti vyangu kwenda kwenye kamba za mwani imezibwa na ukuta wa hoteli. Nazunguka. Maji yakishajaa nimepoteza siku. Kijana anayelinda ule ukuta ni mtoto wa shangazi yangu, ananiambia "dada samahani, nimeagizwa", na macho hayainui.

Neema hii ni ya nani? Kijiji kizima kikiwa na njaa tunagawana muhogo. Mmoja akishiba ukutani na mwengine anazunguka, hapo ndipo roho zinapoanza kuchemka. Nyinyi mnapima wastani. Watu hawaishi ndani ya wastani.

13. KijanaKiwengwa

Dada Paje, nakuheshimu na suala la njia liko kweli, hata huku lipo. Lakini msiibeze ajira.

Mie ni wa Micheweni, nafanya kazi hoteli ya Kiwengwa, kitengo cha usafi wa vyumba. Chumba cha wafanyakazi tunalala wanne, wawili wa chama kile, wawili wa hiki. Tuna birika moja la umeme. Mwaka 2019 hakuna aliyekwenda mkutano hata mmoja, zamu zilikuwa zimebana, na siku ya mapumziko unafua na kulala. Machi 2020 korona ikafunga watalii, tukarejeshwa nyumbani bila mshahara. Nilikaa baraza ya Micheweni miezi saba. Wallahi sikukosa mkutano. Nilikuwa mstari wa mbele, sauti imekauka, nikimwona jirani wa upande wa pili nafsi inaniambia huyu ndiye aliyekula mshahara wangu. Mambo ambayo nilikuwa nayajua miaka yote yakaanza kunichoma upya.

Siku nilipoitwa kazini nilipanda boti na asubuhi yake natandika kitanda cha mgeni. Hasira ilikuwa bado ipo, ila ilipungua sauti. Sijui niiite nini. Ni kweli nilichokuwa nikilalamikia hakijatatuliwa.

14. MwalimuHistoria

Kijana, ushuhuda wako una uzito. Nami nimekuwa nikiwaza tangu aliposema bibi, na inanibidi nirekebishe nilichoandika namba 3, nilikwenda mbio.

Mwaka 2003 wachumi Alan Krueger na Jitka Malečková walichapisha uchunguzi, pamoja na mambo mengine, wa wapiganaji wa Hezbollah ya Lebanon waliokufa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Walikuta kwamba hawakuwa masikini kuliko watu wa kawaida wa kwao, tena walikuwa na elimu zaidi. Osama bin Laden alitoka kwenye familia ya ukandarasi yenye mapesa.

Mwaka 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wakatoa ripoti ya Afrika, waliwahoji watu waliojiunga na makundi ya silaha. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni jambo lililofanywa na serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Njaa ilikuwapo, ila iliyowasha ni dhulma.

15. Mkwezi

Mwalimu kajisahihisha mwenyewe. Hii tuiweke kwenye kumbukumbu za jukwaa.

16. Tumbe_Dagaa

Mwalimu ngoja. UNDP hao hao wakarudia kazi ile, ripoti ya 2023. Safari hii robo ya waliojiunga, asilimia 25, walitaja kukosa ajira kuwa sababu yao ya kwanza, na waliotaja dini ni asilimia 17. Kwa hivyo tumbo bado lina sehemu yake. Safari hii sijachanganya misimu, nimehakikisha.

17. Fundi_Majahazi

Safari hii uko sawa, Tumbe.

Tuitazame Cabo Delgado ya Msumbiji basi, hapo ng'ambo tu, tena mji mkuu wake nao unaitwa Pemba, na Kimwani chao ukikisikiliza unaambulia mengi. Masikini tangu enzi. Hakukuwa na vita hii. Ikaja rubi ya Montepuez, ikaja gesi ya baharini, ikaja mikutano ya mabilioni. Wachimbaji wadogo wakafukuzwa, wavuvi wakahamishwa. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ikashambuliwa. Machi 2021 Palma, na mradi wa gesi wa dola bilioni 20 ukasimama. Pale utajiri ulipobisha hodi ndipo moto ulipowaka. Mie sisemi gesi imeleta vita. Nasema haikuizuia.

18. Tumbe_Dagaa

Shemeji yangu mwaka ule aliposikia redioni "Pemba imejaa wakimbizi" alipiga simu nyumbani analia. Ilikuwa Pemba ya Msumbiji. Mamangu akamwambia sie tunakaanga mihogo.

19. Mkwezi

Mama wa Pemba hatikisiki.

20. MchumajiWaDaya

Nimewasoma wote. Fundi, nimekubali kuhusu tarehe, 2010 si ushahidi wangu. Bibi umenigusa. Lakini bado sijaridhika kwamba bei haina kazi. Kijana Kiwengwa ameeleza kitu nilichokiona kwenye shamba langu. Hasira ipo lakini mikono ina kazi. Wakati wa bei mbaya mikono ilikuwa mitupu, na mkono mtupu unaokota jiwe.

21. ShambaLaMarehemu

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo inabidi.

Mchumaji, mwaka 2016 karafuu daraja la kwanza ilikuwa 14,000 kwa kilo. Sisi wa Pemba hatujawahi kuona bei ile enzi za wazee wetu. Kwa hesabu yako mwaka ule tungekuwa watulivu kuliko miaka yote.

Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa. Tarehe 20 Machi 2016 ukarudiwa, upande mmoja ukasusa. Mimi nilikwenda kupiga kura. Nilikuwa nimepiga hivyo hivyo tangu 1995, kila mtu anajua, sikujificha. Wiki ile ile gari ya abiria ikawa inanipita. Dukani naambiwa sukari imekwisha na naiona. Mamangu mzazi alifariki mwezi wa tano, waliokuja kuzika ni watu kumi na moja, wanne nimewaleta kutoka Unguja.

Halafu usiku mmoja wakakata mikarafuu minane. Shamba la marehemu babangu, miti aliyoipanda yeye, mengine mizee kuliko mie. Niliamshwa na harufu. Ukikata mkarafuu mbichi hunuka kijiji kizima, kama mtu kamwaga chupa ya mafuta ya meno. Nilipofika na tochi matawi yako chini, makole yamejaa karafuu changa za kijani, wiki tatu au nne zingekuwa tayari. Niliokota kole moja nikalishika. Hapo nilikuwa nimeshika pesa. Hawakuchukua hata pishi moja. Wangeniibia ningeelewa.

Waliokata ni wakulima. Wanajua mkarafuu unangojewa miaka mingi mpaka uzae. Nao wana mikarafuu yao, na bei yao ilikuwa 14,000 kama yangu.

22. BibiWaJamvi

Pole mwanangu. Na mama Mungu amrehemu. Mjukuu wangu amesita kunisomea sehemu ya maziko, nimemwambia asome.

23. MchumajiWaDaya

Pole sana ndugu yangu. Sina jawabu la hili. Hoja yangu ya "cha kupoteza" inavunjika hapo kabisa, maana walikuwa nacho na waliona kitu kimewazidi thamani ya hicho.

24. Paje_Mwani

Kwa mtazamo wangu waliona kura yao imetupwa. Mtu ukimtupia sauti yake, ukimpa 14,000 anaona kama unamlipa anyamaze. Sihalalishi kukata mti wa mtu, ni dhulma tupu, na aliyekatiwa hakufuta kitu. Nasema tu kwamba bei haikulingana na jeraha.

25. Duka_la_Darajani

Pole ndugu ShambaLaMarehemu. Naomba nitazame kwa jicho la biashara, usinione sina huruma.

Karafuu mnunuzi wake ni mmoja, shirika la serikali. Mkulima anapeleka gunia kituoni, anapimiwa, analipwa, anarudi. Jirani yake hana sehemu katika ile pesa. Kwa hivyo bei inapanda, kila mmoja anafungamana na serikali, hakuna anayefungamana na jirani. Tena bei inaonekana kama zawadi ya chama fulani. Ingekuwa mnakopeshana, mnakaushia pamoja, mna ghala la pamoja, yule mwenye shoka angekuwa anakata na mali yake.

26. ShambaLaMarehemu

Ahsante kwa pole zenu nyote. Ndugu wa Darajani, hilo umelifikiri ukiwa mbali na shamba. Sisi tulikuwa tumefungamana. Wachumaji ni hao hao wanazunguka mashamba yote, majamvi tunaazimana, kuchambua makonyo wanawake wanakaa baraza moja usiku kucha, taa moja. Mmoja katika wale ninaowadhania alikuwa na jamvi langu nyumbani kwake siku ile. Alikuwa bado hajalirejesha.

27. Duka_la_Darajani

Nimenyamaza.

28. ZnzHamburg

Kwa hapa ndipo ninaporudi kwenye ya kimataifa. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na reli moja, posta moja, ndege moja, na bado ilivunjika mwaka 1979 na vita ya Uganda ikaja juu yake.

29. MwalimuHistoria

1977, si 1979. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka ule na haukufunguliwa mpaka 1983. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978. Na kilichoiua Jumuiya hakikuwa biashara kupungua. Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin tangu mapinduzi ya 1971, na Kenya tukalaumiana nayo nani anafaidi zaidi. Siasa ilianza kufa, biashara ikazikwa baadaye. Ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999.

30. ZnzHamburg

Nimesahihishwa, shukran Mwalimu.

31. Fundi_Majahazi

Mimi miaka ile ya mpaka kufungwa nilikuwa mtoto, babangu alikuwa anakwenda Vanga na kurudi kama kawaida. Bahari haikuambiwa.

32. KijanaKiwengwa

Kuna mgeni wa Mauritius alinihadithia habari za kwao. Wana Wahindu, Waislamu, Wakreoli, Wachina, kisiwa kidogo kama chetu. Walikuwa na sukari tu, halafu tangu 1970 wakafungua viwanda vya nguo vya kuuza nje, watu wakapata kazi. Anasema ndio maana hawakuchinjana.

33. MwalimuHistoria

Kweli kwa sehemu kubwa. Lakini Februari 1999 mwanamuziki wao Kaya alifia mikononi mwa polisi, na kisiwa kikawaka siku kadhaa, hasa mitaa ya Wakreoli ambako ile neema haikufika sawasawa. Naona hapo dada Paje na wale asilimia 71 wanakutana. Au pengine kazi za viwandani ndizo zilizofanya moto ule uzimike ndani ya siku na si miaka. Nashindwa kukata.

34. Tumbe_Dagaa

Ndugu ShambaLaMarehemu, samahani kwa kukurudisha huko. Mambo sasa yakoje? Unasalimiwa?

35. ShambaLaMarehemu

Nasalimiwa. Haikuja kwa bei. Bei haikubadilika na mwaka 2017 na 2018 gari zilikuwa bado zinanipita.

Ilikuja Februari 2021. Maalim Seif keshakubali umakamu wa kwanza, miezi miwili baadaye akafariki, akazikwa Mtambwe. Nikasema potelea mbali, nakwenda. Nilisimama nyuma kabisa ya watu. Mtu mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka, akaniona, akasogea kidogo kunipa nafasi kwenye safu. Hakusema kitu. Tukasali. Ndiye yule mwenye jamvi langu.

Miezi kadhaa mbele lile jamvi nikalikuta limeegemezwa mlangoni. Limezibwa pale lilipochanika, kwa ukindu mpya. Hatujazungumza habari ya miti mpaka leo na mie sitaki.

Miche nimepanda ishirini pale pale. Kumi na saba imeshika.

36. Mkwezi

Ile mitatu mchwa au jua?

37. ShambaLaMarehemu

Jua. Nilichelewa kuitilia kivuli. Mchwa nauzuia kwa majivu.

38. MchumajiWaDaya

Pandia migomba katikati mwaka wa kwanza na wa pili, ndiyo kivuli bora kuliko makuti. Nina machipukizi ya kugawa, niandikie faragha. Wengine ahsanteni, uzi nauacha wazi, mwenye hoja aendelee. Mie sijaacha kuamini kwamba mikono yenye kazi inapunguza mengi, lakini sitasema tena ni dawa.

39. BibiWaJamvi

Bibi ana suala kwa mwenye uzi. Yule mchumaji aliyekataa kata ya maji mwaka ule, alikunywa wapi?

40. MchumajiWaDaya

Shikamoo bibi. Alikwenda mtoni, mwendo wa nusu saa kwenda peke yake, akarudi akaendelea kuchuma. Sikumkata ujira.

41. BibiWaJamvi

Bibi anasema marhaba. Na anauliza, siku hizi anakuja kukuchumia?

42. MchumajiWaDaya

Miguu haimruhusu tena kupanda. Mwanawe ndiye aliyefikisha pishi saba.